Picha Haichimbwi Msingi

Mwaka 2021 ilitolewa picha ya mnara wa ghorofa 70 uliokusudiwa kusimama Unguja, urefu wake mita 370, gharama yake ikitajwa kuwa dola za Marekani bilioni 1.3. Mchoro ulikuwa wa kampuni ya usanifu ya xCassia, na mnara ukapewa jina la Domino, kwani umbo lake ni la vipande vya dhumna vilivyosimamishwa bega kwa bega, kila kimoja kikimzidi jirani yake kimo. Jina hilo limeangukia pahala pake, maana barza za Mji Mkongwe ndiko dhumna inakochezwa kuanzia alasiri, na ndiko kila mradi mkubwa unakojadiliwa kabla haujapata hata kigingi kimoja ardhini. Utakaa wapi hasa? Umeme utatoka wapi? Nani analipa? Utajengwa kweli au ni picha tu? Wakubwa huyaita maswali ya namna hii uvumi, na wanaoyauliza huitwa watu wa maneno mengi. Makala hii inashikilia kinyume chake. Tetesi juu ya kitu kinachotarajiwa ni aina ya ukaguzi unaofanywa na umma, na ubora wake hauamuliwi na anayetetesa bali na anayetangaza. Akitoa karatasi, watu hupima. Akitoa picha peke yake, watu hawana la kupima, basi hubaki kuamini au kukejeli.

Ili kuliona jambo hili vizuri ni bora tutoke visiwani kwanza, twende kwa watu waliokufanya kutabiri kitu ambacho hakijajengwa kuwa fani kamili. Hao ni washabiki wa rola kosta. Mtoto wa Unguja anayepelekwa siku ya Iddi kwenye viwanja vya kufurahishia watoto vya Kariakoo, vinavyomilikiwa na Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, anazijua pembea na raha yake. Rola kosta ni jambo la ukoo huo huo, ila limekuzwa mpaka likatisha: magari yaliyofungamanishwa, abiria wamefungwa mikanda na vyuma vya kifuani, yanapandishwa juu ya reli ya chuma hadi kileleni kisha yanaachiwa yateremke, yapinde, na mara nyingine yapinduke kichwa chini. Ya kwanza kupata umaarufu Marekani ilifunguliwa Coney Island, New York, mwaka 1884. Nauli ilikuwa senti tano na mwendo wake kama kilomita 10 kwa saa, mwendo ambao punda wa gari angeushinda bila jasho. Leo zipo zinazopita kilomita 200 kwa saa, na kila moja mpya hugharimu mamilioni ya dola, hujengwa kwa miaka, na hungojewa na maelfu ya watu wasioweza kukaa kimya.

Watu hawa hawana jamaa ndani ya kampuni, na wengi wao hawahitaji. Wanachofanya ni kusoma. Nchini Marekani, yeyote anayetaka kusimamisha kitu cha zaidi ya futi 200, yaani kama mita 61, lazima aiarifu mamlaka ya usafiri wa anga, na taarifa hiyo inaweza kuangaliwa na raia. Ramani za ujenzi hupelekwa manispaa. Vipande vya reli hutoka kiwandani vikiwa na rangi na mkunjo wake, na kila kiwanda kina namna yake ya kuunga chuma, hata mtu aliyezoea akiona picha ya kipande kimoja juu ya lori anaweza kumtaja mtengenezaji. Mashimo ya msingi nayo husema: shimo kubwa la zege hubeba nguzo ndefu, na mashimo yaliyopangwa kwa mviringo hayakuchimbwa kwa ajili ya reli iliyonyooka. Kwa hiyo washabiki hubishana, lakini hubishana juu ya kitu. Anayedai kwamba reli itapinduka mara tano ataulizwa ameona wapi, na asipokuwa na jawabu atachekwa na kuachwa.

Mfano ulio wazi zaidi unatoka Thorpe Park, bustani ya michezo iliyo kusini mwa Uingereza. Bustani hiyo ilipotaka kujenga rola kosta mpya iliita mradi wake Exodus, ikawaalika wakaazi wa jirani watoe maoni, kisha ikapeleka maombi katika halmashauri ya Runnymede, yakakubaliwa mwaka 2022. Ndani ya maombi hayo kulikuwa na michoro, kelele zilizokadiriwa, namna kitu hicho kitakavyoonekana kutoka mitaa ya jirani, na kimo chake: mita 72. Yaani miaka miwili kabla hakujapanda abiria hata mmoja, mwananchi wa kawaida aliweza kujua itakuwa rola kosta ndefu kupita zote nchini humo. Jina la Hyperia lilitangazwa baadaye, na milango ikafunguliwa Mei 2024. Tetesi hazikukoma katika kipindi hicho, na hapana sababu ya kutaka zikome. Zilichofanya ni kuhama. Watu waliacha kubishana kama kitu kipo au hakipo, wakaanza kubishana kitakwendaje, kitapindaje na kitaitwaje.

Mtu akishapewa kimo anaweza hata kukagua ahadi nyingine kwa hesabu ya darasani. Kitu kinachoteremka kwa uzito wake, bila injini, hakiwezi kuwa na kasi kubwa kuliko ile ambayo kimo chake kinairuhusu. Teremsha gari kutoka mita 72, usahau msuguano na upepo, na kasi yake chini itakuwa kama kilomita 135 kwa saa. Kasi iliyotangazwa ya Hyperia ni takriban kilomita 130. Tofauti ndogo hiyo ndiyo haki ya msuguano na hewa, na mshabiki anaridhika. Sasa chukua rola kosta ya Falcon's Flight iliyojengwa Qiddiya, karibu na Riyadh, Saudi Arabia. Kimo chake kimetajwa kuwa mita 195 na kasi yake kilomita 250 kwa saa. Hesabu ile ile inatoa kama kilomita 223 tu. Je, kuna uongo? Hapana: reli yake inashuka ukingo wa jabali la Tuwaiq, na njiani kuna mitambo ya sumaku inayosukuma gari, kwa hiyo nguvu haitoki kwenye uzito peke yake. Faida ya kuwa na namba ni hii: mtu anaweza kuuliza swali la maana, akajibiwa, akatosheka.

Falcon's Flight ina somo jingine linalowahusu wale wanaodhani kwamba kutilia shaka ni kazi ya wachawi wa maendeleo. Ilipotangazwa, wengi waliiona picha kuwa ndoto ya jangwani. Tarehe ya kufunguliwa iliyotajwa mwanzo ilikuwa 2023, ikasogezwa, ikasogezwa tena. Ni wale wale washabiki wakaidi, wanaozikagua picha za satelaiti na kuhesabu nguzo, waliosema kwamba safari hii si mchezo, kwa kuwa misingi inaonekana na reli inapanda. Bustani yenye rola kosta hiyo ilifunguliwa siku ya mwisho ya mwaka 2025. Jicho linalodai ushahidi ndilo lililokuwa la kwanza kukiri kwamba ushahidi umekuja. Mwenye kuamini kila picha hana uwezo wa kutoa ushuhuda huo, wala mwenye kuikejeli kila picha hana.

Upande wa pili wa sarafu ni ukimya. Huko New Jersey, Marekani, kulikuwa na rola kosta ya Kingda Ka, iliyofunguliwa mwaka 2005 na kufika mita 139, ndefu kuliko zote duniani kwa wakati wake. Mwezi Novemba 2024 tetesi zilienea kwamba itavunjwa. Bustani haikusema kitu. Siku yake ya mwisho ya kazi ikapita bila tangazo, na siku chache baadaye kampuni ikathibitisha kwamba ndiyo, imefungwa moja kwa moja. Mnara wake uliangushwa kwa baruti Februari 28, 2025. Wapenzi wake walilalamika kwamba hawakupewa nafasi ya kuiaga, lakini jambo la kutazama hapa ni matokeo kwa kampuni yenyewe. Watu walijifunza kwamba neno la mtaani lilitangulia na lilikuwa kweli, na neno rasmi lilichelewa. Ukishawafundisha watu hivyo, usishangae siku nyingine wakiliamini la mtaani hata likiwa la uongo. Waswahili husema lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni msemo mtamu na ni hatari, kwa sababu unampa kila mzushi kibali. Afadhali ule mwingine usiosifiwa sana, kwamba za kuambiwa uchanganye na zako. Ila utachanganya na zako zipi ikiwa hukupewa karatasi?

Hapo ndipo tunaporudi Unguja. Mambo ya kupimia yapo hata kwa mnara wa Domino, na mtu wa barza anayajua kwa kuyaishi. Umeme wa kisiwa unatoka Bara kwa waya unaopita chini ya bahari, kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Waya wa kwanza uliwekwa mwaka 1980, uwezo wake megawati 45. Wa pili, wa megawati 100, ulianza kazi mwaka 2013. Kati ya hapo kulikuwa na giza la mwaka 2008, na giza kubwa zaidi lililoanza Desemba 2009 likaendelea mpaka Machi 2010, miezi mitatu ya majenereta na mishumaa, visima vikakosa pampu na maduka yakakosa barafu. Kwa mtu aliyepita katika miezi ile, kuuliza lifti za ghorofa 70 zitavutwa na nini ni kuuliza kuhusu waya anaoujua. Mchanga wa kujengea nao ni bidhaa adimu Unguja; mashimo yake yamekula mashamba, na serikali imelazimika kuudhibiti kwa vibali. Kisha kuna uwanja wa ndege wa Abeid Amani Karume, na ndege zinazoshuka pale hazipendi kukutana na mita 370 za kioo. Hakuna hata moja kati ya haya linalothibitisha kwamba mnara hauwezekani. Yanathibitisha kwamba yapo majibu ambayo mwenye mradi lazima awe nayo kama ana mradi, na kuyaweka hadharani hakumgharimu kitu. Miaka kadhaa baada ya picha, Domino haijaonekana juu ya minazi, na kwa kuwa maswali hayakujibiwa kwa namba, kila mtu amebaki na hukumu aliyokuja nayo siku ya kwanza.

Linganisha na Burj Zanzibar, jengo la ghorofa 28 lililotangazwa mwaka 2022, la mita 96, linalokusudiwa kujengwa kwa mbao na zege katika mji mpya wa Fumba. Nalo lilikuja na picha nzuri, nalo lilikuja na sifa ya kuwa la kwanza la aina yake. Lakini mazungumzo juu yake yana sakafu. Mtu anaweza kupanda daladala akaenda Fumba, akaona nyumba ambazo kampuni yenye mradi huo imekwisha kuzijenga, akaziona za mbao, akaangalia zimekaa vipi baada ya masika mawili matatu, kisha akaamua ampe imani kiasi gani mtu anayetaka kupanda ghorofa ishirini na ushee. Imani hiyo inaweza kuwa kubwa au ndogo, lakini imetokana na kitu kinachoshikika. Ndiyo kazi ile ile ya mshabiki anayechungulia uzio wa mabati kuhesabu nguzo.

Kumbukumbu ya kisiwa kuhusu picha zisizochimbwa msingi ni ndefu kuliko Domino. Mwishoni mwa miaka ya 1990 kampuni iliyoitwa East African Development Company, yenye makao Uingereza, ilikuja na mpango wa dola bilioni 4 kwa rasi ya Nungwi: mahoteli zaidi ya kumi, viwanja vya gofu, kituo cha biashara cha kimataifa. Ukodishaji ulikuwa wa miaka 49, na eneo lililotajwa lilikuwa kilomita za mraba 57, zaidi ya asilimia tatu ya kisiwa kizima, ambapo waliishi watu wapatao 20,000. Fedha hizo ni nyingi hata leo. Kwa Zanzibar ya wakati ule zilikuwa namba za kusimulia. Na hao 20,000, wavuvi, mafundi wa majahazi, wakulima wa mwani, walikuwa na swali moja la haki: sisi tutakuwa wapi? Picha haikuwa na jawabu, maana katika picha za namna ile ufuo huwa mtupu. Mradi haukujengwa. Nungwi yenye mahoteli tunayoijua leo ilikua hoteli moja moja, kiwanja kimoja kimoja, kwa mapatano mazuri na mabaya, wala haifanani na ile ya mchoro. Lakini kwa miaka yote ambayo mpango ulikuwa hewani, mtu aliyetaka kujenga nyumba ya kudumu au kupanda minazi alipaswa kujiuliza kama ana haki ya kufanya hivyo. Hapa tofauti yetu na washabiki wa rola kosta ni kubwa na lazima isemwe. Mshabiki akikosea utabiri amepoteza usingizi. Mtu wa Nungwi akikosea amepoteza shamba.

Zanzibar yenyewe, hata hivyo, ina mfano wa karatasi zilipokuwapo. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na kuanzia hapo majengo yake yana msimamizi wa pili aliye mbali, ambaye maamuzi yake huchapishwa kila mwaka kwa yeyote anayetaka kuyasoma. Hoteli ilipokusudiwa kujengwa Mambo Msiige, Shangani, katika jengo la kale na uwanja wa wazi ulio pembeni yake, Kamati ya Urithi wa Dunia ilieleza wasiwasi wake katika maamuzi yake, na wataalamu wakatumwa kuja kuangalia. Hoteli ilifunguliwa mwaka 2015, kwa hiyo hakuna anayeweza kudai kwamba wenye shaka walishinda. Lakini mabishano yalikuwa ya namna nyingine kabisa. Yalihusu kimo cha jengo jipya, uwanja ule utafungwa kiasi gani, na mji utaonekanaje kutoka baharini. Watu walibishana juu ya mambo yaliyoandikwa. Barza ni zile zile, watu ni wale wale, kahawa ni ile ile chungu. Kilichobadilika ni kwamba upande wa pili ulikuwa umeweka kitu mezani. Ndiyo maana ni vigumu kukubali kwamba uvumi wa Unguja ni tabia ya Waunguja.

Wapo watakaojibu kwamba tetesi zina madhara yake, na kwamba madhara hayo si ya kufikirika. Ni kweli. Neno likivuma kwamba pahala fulani kutajengwa hoteli, uwanja wa mpira au bustani ya michezo, madalali huwa wa kwanza kufika. Bei ya kiwanja hupanda kwa siku chache, kijana huuza shamba la babu yake kwa bei anayoiona kubwa, au mwingine hununua kwa mkopo ardhi ambayo haitapata hata barabara. Hoja hii ina nguvu, lakini tazama inaelekea wapi. Dalali anauza kitu kimoja tu, nacho ni kujua, au kujifanya anajua, jambo ambalo wengine hawalijui. Ramani ya mradi ikibandikwa kwenye ofisi ya sheha, na mipaka yake ikaonekana, bidhaa ya dalali inaharibika mkononi. Kukataza watu wasiseme hakujawahi kumwondoa dalali popote, humpa soko.

Wengine watasema mwekezaji ana siri zake, na kwamba ukimlazimisha kufunua kila kitu atakwenda Mombasa au Maldives. Siri za biashara zipo na ni haki yake. Alton Towers, bustani nyingine ya Uingereza, imezifanya siri hizo kuwa sehemu ya mchezo: rola kosta zake mpya huitwa kwa miaka "silaha ya siri" na namba yake, na washabiki hukesha wakifumbua mafumbo. Lakini bustani hiyo hiyo haiwezi kuficha kimo, kwa sababu ipo katika eneo ambalo majengo hayaruhusiwi kuchomoza juu ya miti. Ilipojenga Nemesis, iliyofunguliwa 1994, ililazimika kuchimba shimo mwambani ili reli ipite chini badala ya juu, na rola kosta hiyo ikawa moja ya zinazopendwa kupita zote, sababu mojawapo ikiwa shimo hilo. Sharti la wazi halikumfukuza mwekezaji, lilimfanya afikiri. Jina, hadithi, rangi na muziki ni vyake. Kimo, kelele, maji, umeme, taka na njia ya kufikia pwani ni vya wote, na Zanzibar zaidi ya pengine popote, kwa kuwa ardhi yake ni mali ya umma na mwekezaji huikodi tu. Anayekodi nyumba hatarajiwi kumficha mwenye nyumba kwamba anataka kuongeza ghorofa.

Pingamizi la tatu husemwa kwa sauti ya chini lakini ndilo lenye sumu: kwamba watu wa kisiwa hawapendi jipya, wana husuda, kila kikubwa kwao hakiwezekani. Historia inakataa. Kasri ya Beit al-Ajaib ilijengwa 1883, mwaka mmoja kabla ya ile rola kosta ya Coney Island, na baadaye ikawa na taa za umeme na lifti ambazo miji mingi ya dunia haikuwa nazo. Sultani Barghash alikuwa na reli iliyotoka kwenye kasri yake mjini hadi Chukwani. Mabehewa yake yalivutwa na nyumbu kwanza, kisha mwaka 1881 ikaagizwa injini ya mvuke kutoka Uingereza. Mwaka 1905 kampuni ya Kimarekani ikajenga reli nyingine ya maili saba kutoka mjini hadi Bububu, iliyopita karibu na milango ya nyumba. Watu wa kisiwa hiki waliyaona hayo, wakayapanda, wakayazoea. Waliyaona pia yakiondoka: reli ya Barghash iling'olewa baada ya kufa kwake mwaka 1888, ile ya Bububu nayo ilifungwa baadaye, na sehemu ya Beit al-Ajaib iliporomoka Desemba 25, 2020. Mtu aliyerithi habari kama hizi akiuliza kitu kitadumu muda gani na nani atakitunza, anatumia uzoefu. Husuda haina hesabu ya miaka.

Haina maana kudai kwamba barza hazikosei. Hukosea sana, na wakati mwingine hukosea kwa makusudi, hasa siasa inapoingia. Zanzibar kuna vikao ambako mradi husifiwa au kulaaniwa kwa kutazama nani ameutangaza, na hapo hata karatasi nzuri haisaidii sana kwa siku za mwanzo. Washabiki wa rola kosta nao wana watu wao wanaodai kila mwaka kwamba wameambiwa na mtu wa ndani. Lakini fani yao imejitengenezea dawa, nayo ni ya kawaida kabisa: aliyesema huandikwa, na siku kitu kikifunguliwa hurudishwa kwa maneno yake. Mtu aliyepatia mara nne husikilizwa mara ya tano. Barza zetu zina kumbukumbu kali kuliko hiyo kwa mambo ya harusi na ya mpira, na hakuna kinachozuia kuitumia kwa mawe ya msingi. Kila Januari, katika shamrashamra za Mapinduzi, mawe mengi huwekwa na riboni nyingi hukatwa, na miradi mingi kati ya hiyo hujengwa kweli na kutumika: skuli, hospitali, barabara. Daftari la mtaa linaloandika jiwe liliwekwa lini na jengo lilifunguliwa lini lingekuwa na sifa nyingi za kumpa anayestahili sifa.

Chombo cha kuanzia kipo tayari. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Zanzibar ya mwaka 2015 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira, na tathmini ya aina hiyo, ikifanywa inavyotakiwa, ina karibu kila kitu ambacho barza inaulizia: eneo, maji, umeme, taka, watu watakaoguswa. Tatizo ni kwamba ripoti hizo ni nene, nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza cha wataalamu, na mtu wa kawaida hana desturi ya kwenda kuziomba wala ofisi hazina desturi ya kuzipeleka kwake. Muhtasari wa kurasa mbili kwa Kiswahili, ubandikwe kwa sheha pamoja na ramani siku ile ile picha inapotolewa kwa magazeti, usingemgharimu mtu anayetumia dola bilioni moja. Na kama kesho itatangazwa rola kosta ya kwanza Unguja, iwe Fumba au Kariakoo, maswali ya kuanza nayo yanajulikana: kimo chake mita ngapi, kasi iliyotajwa inalingana na kimo hicho au kuna mitambo ya kusukuma, chuma chake kitalindwa vipi na hewa ya chumvi, nani ataikagua kila asubuhi kabla mtoto hajapanda, na umeme ukikatika gari likiwa kileleni abiria watateremshwa kwa njia gani.